Dirisha Kubwa la Sebuleni: Panda Inataka Kivuli Kabla ya Pazia

Panda ni mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi, Katanga, pamoja na Kikula, Shituru na Likasi yenyewe, na ndani yake nyumba za vizazi viwili zinatazamana. Kizazi cha kwanza kilijengwa na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliweka hapa kambi za wafanyakazi, nyumba za mainjinia na karakana kuu, ambazo hata baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967 na hatimaye kuitwa Gécamines zimebaki na jina la Ateliers Centraux de Panda. Mfanyakazi wa kambini alipewa dirisha dogo. Injinia alipewa sebule ndefu, barza mbele yake, na dirisha la fremu ya chuma lililogawanywa katika vioo vidogo vingi, likichukua sehemu kubwa ya ukuta. Kizazi cha pili ni cha miaka hii: matofali ya saruji, bati la rangi, na dirisha la alumini la kusukuma lenye kioo cha buluu au kahawia, upana wa mita tatu au nne, kwa sababu dirisha kubwa huonekana tangu barabarani na kumtangaza mwenye nyumba.

Anayehamia katika nyumba ya namna hii, awe amerithi ya kampuni au amejenga yake, hukutana na swali moja: pale nitundike nini? Jibu la kawaida ni kwenda sokoni kununua kitambaa kizito chenye kung'aa, kumpelekea fundi wa cherehani na kuagiza rido ndefu yenye pete za chuma. Mwaka haujaisha, pazia limepauka, fimbo imepinda katikati, sebule inachemka Oktoba, na kila mtoto akilivuta linamwaga vumbi. Wa kulaumiwa si fundi wala muuza kitambaa. Swali lilianzishwa mwishoni. Dirisha kubwa la Panda lina mambo mawili yanayotangulia urembo, jua na vumbi, na la jua hutatuliwa nje ya kioo kabla ya ndani.

Tuanze na hilo la jua, maana ndilo linaloamua mengine yote. Likasi iko takriban nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Wengi huchukulia kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta jua liko juu tu, basi dirisha ni dirisha, litazame popote. Sivyo. Jua la adhuhuri hupita utosini mwa Panda mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 22 Oktoba na tena karibu na tarehe 20 Februari. Kati ya siku hizo mbili, yaani katikati ya msimu wa mvua, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, lakini juu sana: hata Desemba halitoki utosini kwa zaidi ya nyuzi 12 au 13. Miezi mingine yote huwa upande wa kaskazini, na Juni hushuka hadi kimo cha nyuzi 56 hivi.

Sasa chukua paa lililotokeza sentimita 60 kupita ukuta, ukingo wake ukiwa karibu na kichwa cha dirisha. Dirisha linalotazama kusini litafunikwa lote na kivuli adhuhuri ya Desemba, kwa sababu jua la kimo kile hushusha kivuli cha paa hilo zaidi ya mita mbili na nusu. Dirisha la kaskazini linapata bahati kubwa zaidi. Oktoba, joto linapokuwa kali, jua la adhuhuri haliingii kabisa. Juni na Julai, siku ambazo watu wa Panda huamka na masweta, kivuli kinaishia sentimita 88 tu chini ya ukingo wa paa, na jua linaingia kwa nusu ya chini ya dirisha hadi kwenye sakafu. Paa linafanya uchaguzi wa misimu bila mtu kuligusa. Mwenye dirisha la kaskazini anunue kitambaa anachokipenda na kulala usingizi.

Balaa liko mashariki na magharibi, na kubwa zaidi ni la magharibi. Huko jua haliji kutoka juu, linakuja usoni. Saa moja na nusu hivi kabla ya kuzama huwa na kimo cha nyuzi 20, na lile paa la sentimita 60 linaweza kutoa kivuli cha sentimita 22 peke yake. Jua la mashariki angalau linaingia nyumba ikiwa bado ya baridi. Familia nyingi hulivumilia, na katika Juni hata hulishukuru. La magharibi linaingia wakati kuta, bati na hewa ya nje vyote vimekwisha kupata moto. Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, sebule yenye dirisha la mita nne upande wa magharibi haikaliki kuanzia alasiri hadi giza, na televisheni ndani yake haionekani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji fedha. Kaa sebuleni alasiri moja ya Septemba na uangalie mwanga unafika wapi: kochini, ukutani, au haufiki. Ukiwa umehamia mwezi mwingine, angalia jua linazama nyuma ya nyumba ya nani. Anayenunua pazia kabla ya kulijua hilo ananunua rangi tu.

Kioo cha kawaida cha milimita 4 hupitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Hapa ndipo pazia la ndani linaposhindwa, kwa kuwa linakutana na joto lililokwisha kuvuka. Kitambaa cheupe kinaweza kurudisha sehemu ya mwanga nje kupitia kioo kilekile. Kitambaa cheusi, au chekundu cha kukoza kinachopendwa katika sebule zetu, humeza karibu mwanga wote, kikapata moto na kuugawa chumbani. Pazia zito la rangi ya divai kwenye dirisha la magharibi ni mbabula ya makaa iliyotundikwa ukutani. Kioo cha buluu cha madirisha mapya kinapunguza kiasi, lakini sehemu ya joto kinalolizuia huimeza chenyewe. Weka kiganja karibu nacho saa za jioni utajua limekwenda wapi.

Kinga ya nje inalizuia jua kabla halijagusa kioo, na joto lililomezwa linachukuliwa na upepo wa uani. Maarifa haya si mapya wala ya kigeni. Madirisha ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yana mabawa ya mbao yenye vibao vya mlalo vinavyopitisha upepo na kukata mwanga. Barza ya nyumba za mainjinia wa Panda ilifanya kazi hiyohiyo kwa karne nzima ya wakubwa kunywa kahawa chini yake. Ikizibwa matofali iwe chumba cha kulala, sebule hupoteza kivuli chake na hakuna anayekumbuka sababu ya joto lililofuata. Huko Brazzaville, Mfaransa Jean Prouvé alisimamisha mwaka 1951 nyumba zake za chuma na alumini zilizozungushiwa vibao vya kukinga jua pande zote. Hazikuigwa na watu wa hapo, ila mwaka 2007 mojawapo iliuzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Vibao vya kivuli vimewahi kuthaminiwa, basi, ingawa si na waliokuwa wakiunguzwa na jua.

Kwa Panda ya leo, njia nne za nje zinafaa kupimwa, nazo hazilingani.

Ya haraka ni kipaa cha bati juu ya dirisha kinachobebwa na mikono ya chuma. Mji huu una mafundi wa kuchomelea wenye mikono mizuri, wengi wao wamekulia katika kivuli cha karakana za kampuni, na kazi hii kwao ni ya siku moja. Kwa dirisha la kusini au kaskazini lisilo na paa la kutosha, hilo linamaliza shauri. Kwa magharibi halitoshi likiwa tambarare. Liinamishe mteremko wa kwenda chini hadi lifunike theluthi ya juu ya dirisha, au ushushe ubavu wa mbele kwa vibao. Bati lipakwe rangi nyeupe juu, na liachane na ukuta kwa vidole viwili ili hewa ya moto ipande na kutoka. Bati lililogandishwa ukutani hukusanya joto kichwani mwa dirisha na kulisukuma ndani kila unapofungua. Mvua ikinyesha litapiga kelele, hilo nalo lijulikane mapema.

Ya rahisi ni mkeka wa matete uliotundikwa nje ya kioo, chini ya ukingo wa paa au ndani ya barza, unaoviringishwa kwa kamba asubuhi na kuteremshwa alasiri. Unapitisha upepo, unapitisha mwanga kidogo wa rangi ya asali, unafanya kazi dirisha likiwa wazi. Unaharibika, ni kweli. Mvua na jua vitaumaliza baada ya misimu michache, na utanunua mwingine kwa bei isiyozidi ya mita chache za kitambaa. Kwa mpangaji ni jibu bora kuliko yote, kwa sababu siku ya kuhama unaukunja ukaenda nao. Sijaelewa kwa nini watu wanaouona mkeka kuwa kitu cha kijijini huridhika na pazia la plastiki lenye picha ya maporomoko ya maji.

Klostra, yaani ukuta wa matofali yenye matundu, hufaa pale ambapo dirisha linatazama barabara na familia inataka faragha pamoja na kivuli. Hata hivyo usigusane na kioo. Ujengwe mita moja mbele yake, na hapo katikati utapata mahali pa kuweka maua. Ni ujenzi, unataka msingi na mwenye nyumba mwenyewe.

Iliyo bora kwa magharibi ni mmea. Fremu ya bomba na waya mbele ya dirisha, marakuja ikapanda juu yake, na katika msimu mmoja au miwili una kivuli kinachojipoza chenyewe na kukupa matunda. Mwembe au mparachichi hufanya zaidi, ila huchelewa, na upandwe mbali na ukuta ili mizizi na matawi visije kugombana na msingi na bati. Atakayesema mimea inaleta mbu atazame kwanza madimbwi ya uani. Mbu huzaliwa majini, si kwenye jani kavu. Hata hivyo wavu wa dirisha ni lazima, mmea uwepo au usiwepo.

Kuhusu vumbi hakuna ubishi kwa yeyote aliyefagia sebule ya Panda mwezi wa Agosti. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu hakuna. Barabara zisizo na lami hupanda hewani kila gari linapopita, na nje ya mji watu huchoma pori, majivu yakaruka na upepo hadi juu ya meza. Zaidi ya hapo, hili si vumbi la kawaida. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, kiko katika mji huuhuu. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa watu wa ukanda wa madini wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodini au kiwandani walikuwa na kobalti nyingi zaidi mkojoni kuliko walioishi mbali, na watoto walizidi watu wazima. Vumbi ni mojawapo ya njia zinazoipeleka kobalti mwilini, hasa kwa mtoto anayecheza sakafuni na kutia mikono kinywani.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha pazia la Panda kiwe kufulika. Liwe la kuweza kushushwa na mtu mmoja, kufuliwa kwenye beseni, kukauka kwa siku moja na kurudishwa bila fundi. Mahameli hayapiti kipimo hiki. Yanashika vumbi katika kila unyoya, yakilowa hayabebeki, na ndiyo maana katika sebule nyingi huning'inia miaka bila kuguswa na maji. Najua ni kitambaa cha heshima, na mama wa nyumba anayepokea wageni wa mahari ana haki ya kutaka heshima. Lakini heshima hiyo ukiipiga kiganja inatoa wingu.

Tukishakubaliana kuhusu nje na kuhusu kufua, kilichobaki ndani ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyodhani: tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito. La kioo liwe jepesi, jeupe, la kupitisha mwanga. La chumbani liwe pamba au mchanganyiko wa pamba na poliesta, likiwa na bitana nyeupe upande wa kioo. Bitana ndiyo inayopigwa na jua, ndiyo inayopauka, na ndiyo inayobadilishwa kwa gharama ndogo huku kitambaa cha mbele kikibaki na rangi yake. Mafundi wengi hawaishoni wasipoambiwa. Waambie.

Upande huu wa hesabu ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tuikalie. Tuseme dirisha lina upana wa mita 3.6 na urefu wa mita 1.8. Fimbo ipite dirisha sentimita 30 kila upande ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kuacha kioo chote wazi: mita 4.2. Ili liwe na mikunjo ya kutosha, kitambaa kiwe mara mbili ya fimbo: mita 8.4. Kutoka kwenye fimbo hadi sakafuni, pamoja na pindo, tuseme mita 2.6. Kitambaa cha upana wa mita 1.5 kitataka vipande 6, yaani mita 15.6. Ila kile cha upana wa mita 2.8, ambacho wauzaji wa mapazia wanacho, kinaweza kulazwa ubavu: upana wake unakuwa urefu wa pazia, na unanunua mita 9 tu bila mshono wa kuunganisha. Anayelinganisha bei ya mita bila kuuliza upana anajipunja. Na anayetaka vikwembe, kama ilivyo desturi ya wengi, ajue kwamba kipande cha yadi 6 kina urefu wa mita 5.5 na upana wa mita 1.15 hivi, kinatoa mapande mawili, na dirisha letu linataka manane. Ni vipande vinne vya yadi 6. Vinapendeza, na vikikosa bitana vitapauka vibaya mno. Pamba yoyote ifuliwe kabla ya kukatwa, la sivyo itapungua baada ya fundi kulipwa.

Fimbo nayo ina ukali wake. Kwa uzito uleule wa kila mita, ukiongeza urefu wa fimbo mara mbili bila nguzo ya katikati, kupinda kwake huongezeka mara 16. Ndiyo maana bomba lililokaa sawa kwenye dirisha la mita 2 hulegea kwenye la mita 4 hata kitambaa kikiwa chepesi. Ule mfano wetu, kwa pamba ya gramu 250 kwa mita ya mraba, una uzito wa kilo 6 hivi kabla ya bitana, na ukining'inizwa mbichi unazidi. Weka mkono wa katikati, na pazia ligawanywe mapande mawili yanayokutana hapo. Na kwa nini fimbo ya bati jembamba la kuunganisha, katika mji wenye mabomba ya chuma kila kona na watu wa kuyachomelea? Bomba la chuma la nusu inchi au robo tatu, lililosuguliwa na kupakwa rangi nyeusi, litadumu kuliko nyumba.

Skurubu ndizo zinazoanguka kabla ya fimbo. Tofali la saruji lenye uwazi ndani halishiki skurubu ndogo. Tafuta linta ya zege iliyo juu ya dirisha na utoboe hapo. Ikiwa dirisha limepanda hadi karibu na dari, kama ilivyo katika nyumba nyingi mpya, usifunge kwenye ubao mwembamba wa dari. Gonga utafute mbao zinazoubeba.

Nondo za kuzuia wezi ni kero ya madirisha ya zamani. Mabawa ya chuma yanafunguka nje, hivyo nondo zimewekwa ndani, na kitambaa kikisugua juu yake kila upepo ukivuma kitatoboka na kupata alama za kutu zisizotoka. Mikono ya fimbo itokeze sentimita 15 kutoka ukutani. Nondo zisuguliwe na kupakwa rangi kabla ya pazia kuingia nyumbani. Na wavu wa mbu uwekwe kwenye fremu yake ndani ya nondo, wenye bawaba au vishikio vya kutolewa, kwa sababu nao unajaa vumbi na macho yake kuzibika. Kwenye dirisha la alumini la kusukuma, nusu moja tu hufunguka kwa wakati mmoja. Hakikisha rundo la pazia lililofunguliwa halilali juu ya nusu hiyo, maana ndiyo pua pekee ya sebule.

Dirisha linalopinda kona, au lililopakana na mlango wa barza, hushughulikiwa kama kitu kimoja. Fimbo moja ipite mlango na dirisha pamoja, kitambaa kimoja, urefu mmoja, sentimita 2 juu ya sakafu ili fagio lipite. Kwenye kona, pande moja jembamba lisilosogea linakaa katikati kuficha kiungo, mengine yanavutwa kuelekea pembeni. Ikiwa kochi limeegemea dirisha, lisogeze sentimita 10. Watu hukata pazia fupi hadi kwenye kizingiti kwa ajili ya kochi, halafu kochi linahamishwa Krismasi.

Usiku una mambo yake. Tabaka jepesi linaficha ndani mchana tu. Taa ikiwashwa, aliye barabarani anaona mpaka chakula. Umeme ukikatika inakuja mishumaa, na hapo poliesta inakuwa hatari, kwa kuwa inayeyuka na kudondoka matone yanayowaka. Mshumaa ukae mita moja mbali na dirisha, na mbabula isiingie sebuleni kamwe, hata Julai usiku ambapo baridi hushuka karibu na nyuzi 10. Usiku wa namna hiyo pazia lenye bitana, likigusa ukuta pembeni na kukaribia sakafu chini, lina faida kuliko makaa, na halitoi hewa yenye sumu.

Vifaa vya dukani nitavipita haraka. Pazia la vibao vya mlalo linakata mwanga vizuri na kukusanya vumbi vizuri vilevile. Dirisha la mita nne lina vibao vingi mno vya kupangusa kimoja kimoja. Vibao vya wima vya ofisini hukatika vinyororo na hakuna vipuri. La kuviringisha linafaa dirisha la hadi mita mbili. Kubwa zaidi, ligawe mawili au matatu. Kamba ndefu za vitu hivi zimenyonga watoto wadogo, na Marekani, tangu Desemba 2018, kanuni ya viwanda imeondoa kamba zinazofikiwa na mtoto katika bidhaa zinazouzwa tayari. Ukinunua yenye kamba, funga ndoano ukutani juu ya kimo cha mtoto. Karatasi ya kung'aa ya kubandika kwenye kioo inasaidia magharibi, ila usiku inageuka: mwenye taa ndiye anayeonekana.

Kuna pia wanaochoka na kuziba nusu ya dirisha kwa matofali. Nawaelewa, na mara moja moja ni uamuzi wa busara, hasa sebule ikiwa na dirisha lingine upande wa pili wa kupitisha hewa. Likiwa pekee, kuliziba ni kuifanya sebule stoo.

Mwenye bajeti ya kitu kimoja mwaka huu, ikiwa dirisha lake linatazama magharibi, anunue mkeka au bati kabla ya Septemba na avumilie pazia la zamani. Likitazama kaskazini au kusini, fedha yote iende kwenye fimbo imara, bitana na kitambaa cha kufulika. Anayechora nyumba mpya Panda bado ana nafasi ambayo sisi wengine hatuna: ageuze mchoro sebule itazame kaskazini, paa litokeze sentimita 60, na upande wa magharibi aweke stoo na bafu. Kwenye karatasi, kugeuza huko hakugharimu hata franka moja.